Zinki Ifike Hata Mashine ya Kijijini

Mwaka 1961 Dk. Ananda Prasad alitoa habari za vijana aliowaona Iran, watu wazima kwa umri lakini wenye miili ya kitoto. Chakula chao hasa kilikuwa mkate wa ngano usiotiwa hamira, nao walikuwa wakila udongo. Uchunguzi alioufanya baadaye Misri, kwa vijana wa hali kama hiyo, ulionyesha upungufu wa zinki.

Sisi wa nchi ya ugali hatuna budi kuzitafakari habari hizo. Kukoboa sembe huondoa sehemu kubwa ya zinki pamoja na pumba; na dona, ingawa ni bora, ina asidi ya fitiki inayoishika zinki isifyonzwe mwilini. Hivyo mfanyakazi aweza kushiba kila siku na mwanawe asikue. Wazee wetu walioloweka nafaka na kuchachusha uji waliipunguza asidi hiyo pasipo kuijua jina.

Mwili hauna ghala ya zinki. Mtoto aliyetimiza miezi 6 hatoshelezwi na maziwa ya mama peke yake, wala uji mtupu haumfai: utiwe dagaa waliosagwa, au yai. Akiharisha huipoteza zinki. Ndiyo maana tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yanashauri apewe vidonge vyake siku 10 hadi 14, pamoja na dawa ya maji ya chumvi na sukari. Mzazi anayeacha siku ya tatu kwa kuwa tumbo limetulia amekosea. Mama mjamzito au anyonyeshaye ahitaji miligramu 11 au 12 kwa siku, na ule udongo anaoutamani waweza kumzuilia hata hicho kidogo alichokula. Wazee nao hula haba, na nyama huwapita.

Mwaka 2011 Tanzania iliweka kanuni za kutia virutubisho, zinki ikiwamo, katika unga wa viwandani. Ni jambo jema. Lakini wakulima wengi hawanunui unga wa mfuko. Hupeleka debe lao la mahindi kwenye mashine ya kijijini. Je, mtoto wa mkulima ana haki ndogo kuliko wa mjini? Twazitaka halmashauri na vyama vya ushirika viwasaidie wenye mashine hizo kupata vifaa vya kuchanganyia, na virutubisho kwa bei wanayoimudu, kabla ya kuwatumia wakaguzi.