Musiuze parsele juu ya masta ya michezo ya ordinatere

Leo sitazungumuza juu ya barabara wala bei ya muhogo. Nitazungumuza juu ya feza yenye watu wanataka kutoa mufukoni mwenu kwa jina la masomo.

Kuko makomisionere wanaozunguka katika muji wetu, hata kwenye kambi za wakimbizi wa vita. Wanabeba makaratasi yenye picha za vyuo vikuu vya Ulaya. Wanaita baba pembeni na kumwambia: "Mutoto wako anapenda ordinatere? Tutamupeleka Uingereza akasome masta ya kutengeneza michezo ya video. Mwaka moja tu, kisha anapata kazi kwenye kampuni kubwa, anawabeba ninyi wote." Kisha wanaomba dola za kufungua dosie. Mama mumoja mwenye alikimbia kutoka Djugu aliniuliza kama auze parsele yake ya mwisho, ile bwana yake alimuachia, juu ya dosie hiyo. Nilimujibu hapana. Na leo ninawajibu ninyi wote: hapana.

Musinisikie vibaya. Sisemi kwamba kutengeneza michezo ni upuuzi wa watoto. Wazee wenye kusema hivyo hawajui. Nyuma ya muchezo moja kuko mwenye kuandika programu, mwenye kuchora, mwenye kutunga hadisi, mwenye kutengeneza sauti, na mwenye kujaribu muchezo mara mia moja ili kutafuta makosa. Ni kazi ya kweli, inalisha watu wengi duniani. Chenye ninapinga ni uongo moja: kwamba mulango wa kazi hiyo ni karatasi ya masta, na kwamba karatasi hiyo inanunuliwa na parsele yenu.

Tuangalie historia. Muji wenye unajulikana sana kwa masomo hayo ni Dundee, kule Scotland. Mwaka wa 1997 chuo kikuu cha Abertay kilianzisha pale diploma ya michezo ya ordinatere, na kinahesabiwa kuwa cha kwanza duniani. Lakini mbele ya hapo, vijana wa muji huohuo walikuwa wamekwisha kufungua kampuni yao, DMA Design. Mwaka wa 1991 walitoa muchezo Lemmings, na ukapendwa inchi nyingi. Ni kampuni hiyo pia ilitoa Grand Theft Auto ya kwanza, ule muchezo vijana wetu wanalipia franga kuucheza mu salle za hapa. Munaona utaratibu? Kazi ilitangulia, chuo kikafuata. Komisionere anawauzia mambo kinyumenyume.

Mutasema: hao ni wazungu, walikuwa na umeme. Basi tuangalie karibu. Lual Mayen ni mutoto wa Sudan Kusini. Wazazi wake walikimbia vita, na yeye akakomalia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, inchi ileile ndugu zetu wa Ituri wanakimbilia wakivuka Ziwa Albert. Mama yake aliweka feza kidogokidogo kwa miaka tatu, mupaka akafikisha dola 300 na kumununulia ordinatere. Kambini hakukuwa umeme. Alikuwa anatembea saa nyingi kwa miguu ili kufika pahali pa kuichaji. Akajifundisha mwenyewe kuandika programu, akatengeneza muchezo anaouita Salaam, juu ya mutu anayekimbia vita. Muchezo huo ndio ulimufungulia milango mupaka Marekani, na pale akafungua kampuni yake. Wakati alipoutengeneza hakuwa na masta. Alikuwa na mama mwenye akili: alinunua chombo cha kazi, hakununua ahadi.

Tena kule Yaoundé, Kameruni, kampuni Kiro'o Games ilitoa mwaka wa 2016 muchezo Aurion, wenye hadisi na mavazi ya Kiafrika. Hao wanasema Kifaransa kama sisi, na umeme unawakatikia kama sisi.

Sasa tufanye hesabu yenye komisionere hafanyi mbele yenu. Mwanafunzi wa kigeni anayeenda kusoma masta ya michezo Uingereza, vyuo vingi vinamuomba zaidi ya paundi 15 000 kwa mwaka. Hiyo ni minervali tu. Serikali yao inaomba aonyeshe kwamba feza ya kuishi miezi tisa imekaa kwenye konti yake siku 28 bila kupunguka. Inaomba alipe viza, na paundi 776 kwa mwaka juu ya matunzo ya hospitali. Inaomba aonyeshe kwamba anajua Kiingereza. Sisi wote tulisoma katika Kifaransa. Na tangu Januari 2024, mwanafunzi wa masta ya kawaida haruhusiwe kupeleka bibi wala watoto. Kwa hiyo ile ahadi ya "atawavuta wote" inaanguka palepale. Parsele moja ya Bunia mara nyingi haitoshe safari hiyo. Inatosha tu kumulipa komisionere.

Na kazi yenye wanaahidi? Mu Januari 2024 Microsoft ilifukuza watu 1 900 katika kazi zake za michezo. Mu Februari mwaka huohuo Sony ikafukuza karibu 900 wa PlayStation. Wengi wao ni watu wenye uzoefu, wenye majina yao yameandikwa mwishoni mwa michezo mikubwa. Mutoto wenu akimaliza masta, atasimama mu mulongo moja na hao. Mukubwa wa kampuni hatamuuliza kwanza, "Ulisoma wapi?" Atamuuliza, "Ulitengeneza nini? Nionyeshe."

Hapa kwetu tunajua jambo hilo muzuri zaidi kuliko watu wengine. Kule Mongbwalu, muchimbaji hatie feza yake yote mu shimo mbele ya kuosha mchanga kidogo na kuona kama zahabu iko ndani. Kwa nini mu shimo unaosha mchanga kwanza, lakini mu masomo unauza nyumba bila kuuliza?

Kuosha mchanga mu kazi hii ni kutengeneza muchezo moja mudogo. Programu Godot ni ya bure kabisa, iko na Kifaransa, na inaweza hata kufanya kazi kwenye telefone ya Android. Blender, ya kuchora vitu, nayo ni ya bure. Kijana mwenye kusema anapenda kazi hii, mupeni miezi sita. Atengeneze kitu kidogo: muchezo wa mama anayevusha mizigo Ziwa Albert, ao wa dereva wa moto ku barabara ya Komanda. Uanze, uishe, na mutu mwingine aweze kuucheza. Kama anaacha mu juma la pili, mumejua, na parsele iko. Kama anamaliza, mumejua pia, na ako na kitu cha kuonyesha.

Najua masta iko na faida zake. Inakuweka pamoja na wachoraji na waandikaji wa programu, munafanya kazi kama kundi, walimu wanakusahihisha, na unajulikana na watu wa kampuni. Mwenye kupata burse, aende, na tutamuimbia ku redio. Burse ya serikali ya Uingereza, Chevening, inalipa masta ya mwaka moja, na Wakongomani wanaruhusiwa kuomba. Lakini kuiomba hakulipiwe hata franga moja. Inaomba mutu awe na diploma ya chuo kikuu na miaka 2 ya kazi, na akimaliza arudi kwao. Kwa hiyo mutu akiwaomba feza ili awape burse hiyo, ni mwizi.

Kwa hiyo, komisionere akifika kwenye hema yenu, mumuulize haya: Jina la masomo ni gani, na chuo gani, nikaangalie mimi mwenyewe kwenye enternete? Wanaomba lisansi ya nini? Minervali yote ni ngapi, si ya dosie tu? Viza ikikataliwa, feza yangu inarudi lini, na karatasi yenye sahihi iko wapi? Mutoto gani wa hapa ulimupeleka, nizungumuze naye leo? Akianza kukasirika, mufunge mulango.

Na ninyi wakubwa wa vyuo vya muji wetu, neno moja. Muko na vyumba vya ordinatere. Saa kumi vinafungwa, na vijana wanabaki inje. Muvifungue mangaribi mbili kwa juma, na watoto wa wakimbizi waingie bila kulipa. Hamuhitaji mufadhili juu ya hiyo, munahitaji mutu wa kushika ufunguo.

Wazazi, vita imekwisha kuwanyanganya mashamba. Musikubali mwenye kuvaa shati ya kupiga pasi awanyanganye kipande kilichobaki. Kwa leo ni hayo.