Mashoto Naye Apangiwe Ngoma Zake

Wahenga walinena kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Methali hii tunaikariri mara nyingi katika shule zetu na hata makanisani. Lakini inapofika zamu ya mtoto atumiaye mkono wa kushoto kuketi nyuma ya ngoma, tunaisahau ghafla na kumtaka aruke kwa ubawa wa jirani. Jambo hili ninalotaka kulizungumzia leo huenda likaonekana dogo mbele ya shida nyingi zinazotukabili. Hata hivyo, naamini kwamba namna tunavyowatendea wachache katika mambo madogo yasiyotugharimu kitu ndiyo kipimo cha namna tutakavyowatendea katika makubwa.

Hebu kwanza tuitazame seti yenyewe ya ngoma za kisasa, ambazo vijana wetu huziita dramu. Mpigaji huketi kitini, mguu wake wa kulia ukikanyaga pedali ya ngoma kubwa. Katikati ya magoti yake kuna ngoma fupi yenye nyuzi za chuma chini yake, na hiyo ndiyo itoayo ule mlio mkali uitikiao mdundo wa ngoma kubwa. Kushoto kwake yapo matoazi mawili yaliyopandana kwenye mlingoti mmoja, ambayo hufumba na kufumbuka kwa mguu wa kushoto. Haya nitayaita matoazi pacha. Kulia kwake kuna toazi pana la kushikia mwendo wa wimbo, pamoja na ngoma nzito isimamayo kwa miguu mitatu. Ngoma mbili za wastani hukaa juu ya ile kubwa, iliyo ndogo ikiwa upande wa kushoto.

Katika mpango huu, mpigaji wa kawaida huupitisha mkono wa kulia juu ya mkono wa kushoto ili ayafikie matoazi pacha, na ule wa kushoto hubaki chini ukipiga ngoma ya nyuzi. Mikono hukaa kama mkasi. Mwenye nguvu za mkono wa kulia huvumilia, kwa kuwa mkono wake hodari ndio upewao kazi ya mbio, yaani kuyagonga matoazi mfululizo tangu mwanzo wa wimbo hadi tamati. Mashoto akiketi hapo hapo hupata hasara mara mbili. Mikono yake imefungana kama ya mwenzake, na tena mkono wake dhaifu ndio uliotwikwa kazi ya mbio, ilhali ule hodari umekaa chini ukingoja zamu.

Je, ni nani aliyeamua kwamba mambo yawe hivyo? Hakuna aliyeamua. Seti hii ilikusanywa kidogo kidogo huko Marekani, pale kazi iliyokuwa ikifanywa na wapigaji wawili au watatu ilipoachiwa mtu mmoja. Mwaka wa 1909 William F. Ludwig alileta pedali ya ngoma kubwa iliyofanya kazi vizuri, mguu ukachukua kazi ya mkono. Katika miaka ya 1920 yakaja matoazi ya kukanyagwa, ambayo mwanzoni yalikuwa chini karibu na kifundo cha mguu, wala hayakuweza kupigwa kwa kijiti. Yalipoinuliwa juu ya mlingoti katika miaka hiyo hiyo, wapigaji waliona kwamba kijiti nacho chaweza kuyafikia. Kwa kuwa pedali yake ilikuwa tayari chini ya mguu wa kushoto, na mkono uliozoea kuongoza ulikuwa wa kulia, mkono ukavushwa juu ya mwenzake. Hivyo ndivyo desturi ilivyozaliwa. Ilikuwa njia ya kujipenyeza mahali palipobana, nasi leo tunaifundisha kana kwamba ni amri iliyoshuka kutoka mbinguni.

Mfano wa pili wa mazoea ya aina hii uko katika ushikaji wa vijiti. Wapigaji wengi wa zamani walikishika kijiti cha kushoto kiganja kikitazama juu, na cha kulia kiganja kikitazama chini. Sababu yake ni kwamba ngoma za askari waliokuwa wakiandamana zilining'inia kwa mshipi na kuinama upande mmoja, kwa hiyo mkono mmoja ulilazimika kugeuzwa. Ngoma ilipowekwa kwenye kigoda chake ikawa sawasawa, sababu ilikwisha, lakini ushikaji uliendelea kwa miaka mingi. Mazoea yana taabu, nasi tusiyachanganye na maarifa.

Ngoma zetu wenyewe hazikuwa na ubaguzi huu. Ngoma isimamayo mbele ya mpigaji haina kulia wala kushoto. Ile ivaliwayo begani huhamishiwa bega la pili, na ngoma ikaendelea kulia. Ni seti hii ya kigeni iliyotuletea pande mbili zisizolingana. Maadamu tumeipokea, hatuna budi kujifunza pia namna ya kuigeuza.

Walioigeuza wapo, na si watu wa kubezwa. Phil Collins, Mwingereza aliyejiunga na kundi la Genesis mwaka wa 1970, ni mashoto, na seti yake aliipanga kinyume kabisa, kila kilichokuwa kulia kikahamia kushoto. Ian Paice wa Deep Purple alifanya vivyo hivyo. Billy Cobham, aliyezaliwa Panama mwaka wa 1944 na kuvuma katika kundi la Mahavishnu Orchestra lililoanzishwa mwaka wa 1971, alichagua njia nyingine. Aliiacha ngoma kubwa mahali pake, akaongoza kwa mkono wa kushoto juu ya matoazi yaliyo kushoto, na mkono wa kulia ukapiga ngoma ya nyuzi bila mikono kupishana. Hii ndiyo iitwayo kupiga kwa mikono iliyo wazi. Simon Phillips, Mwingereza aliyeingia katika kundi la Toto mwaka wa 1992, naye hupiga hivyo, ingawa yeye ni mtu wa mkono wa kulia. Ikiwa hata asiyelazimika ameiona faida ya njia hii, vipi tumnyime anayeihitaji?

Naam, faida zipo za kuonekana kwa macho. Mikono isipofungana, ule unaopiga ngoma ya nyuzi huweza kuinuka juu kadiri mpigaji apendavyo bila kuugonga wa pili. Matoazi pacha nayo hayana haja tena ya kuinuliwa ili kuupa nafasi mkono wa chini. Hushushwa yakawa juu kidogo tu ya ngoma ya nyuzi, bega likapumzika. Isitoshe, wakati wa kushoto unashika mwendo, wa kulia huwa huru kuzitembelea ngoma za kulia pasipo kuuvuruga wimbo.

Basi, afanyeje kijana mashoto ambaye seti iliyo mbele yake ni ya kanisa au ya shule, wala si yake? Kwanza aiache ngoma kubwa na pedali zote mbili pale pale zilipo, maana si kila mtumiaji wa mkono wa kushoto ambaye mguu wake wa kushoto ndio hodari. Pili, ayashushe matoazi pacha kwa kulegeza kifungo kimoja cha mlingoti. Tatu, toazi la mwendo alitoe kulia na kulisimamisha kushoto, jirani na matoazi pacha, ili mkono uongozao usivuke kifua kila kiitikio kinapoanza. Nne, azitazame ngoma mbili za wastani. Zikibaki zilivyo, mbiu ianziayo ngoma ndogo kuelekea nzito husafiri kutoka kushoto kwenda kulia. Akiianza kwa mkono wa kushoto, mkono huo utalazimika kuuruka wa kulia kila anapohama. Ama ajizoeze kuianza mbiu kwa mkono wa kulia, ama azibadilishane nafasi ngoma hizo. Kazi yote hii yahitaji ufunguo wa ngoma na dakika chache.

Sitaki kuficha kwamba njia hii ina gharama yake. Mkono wa kulia wa mashoto, ambao sasa ndio upigao ngoma ya nyuzi, mwanzoni utakuwa mlegevu, na mlio utakosa uzito. Utahitaji mazoezi ya kila siku, kijiti kimoja kimoja, polepole, mpaka upate nguvu. Na akutwaye na mguu wa kushoto ulio hodari kupita kiasi, huyo afadhali aigeuze seti nzima kama alivyofanya Collins. Lakini mazoezi ya namna hii humjenga mtu juu ya maumbile yake, wala hayamlazimishi kuyakana.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza itakuwa ile methali ya samaki mkunje angali mbichi. Watasema mtoto azoeshwe mapema mkono wa kulia na mambo yatakwisha. Nami nauliza, akunjwe kuelekea wapi, na kwa faida ya nani? Methali hiyo yahusu malezi ya tabia, na kutumia mkono wa kushoto si tabia mbaya. Katika lugha yetu mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, na nauheshimu adabu hiyo mezani na katika kuamkiana. Lakini kupiga ngoma si kula wala si kumpa mzee mkono. Wapo watu wazima miongoni mwetu wanaokumbuka fimbo walizopigwa kwenye vifundo vya vidole kwa sababu waliishika kalamu kwa kushoto. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka wa 2001, lakini fikira iliyokuwa nyuma ya fimbo hiyo ingalipo, na nyuma ya ngoma ndiko inakojificha.

Pingamizi ya pili ni ya Ringo Starr. Watasema, mbona yeye ni mashoto na alipiga katika seti ya kawaida tangu alipojiunga na Beatles mwaka wa 1962, akasifika duniani kote? Ni kweli. Ringo mwenyewe amesimulia kwamba nyanya yake ndiye aliyemgeuza mkono utotoni kwa kuogopa uchawi. Lakini wajuzi wa muziki wanakubaliana kwamba mbiu zake zina ladha isiyoigika kwa sababu mkono wake wa kushoto ulizidi kuongoza mahali ambapo seti ilimtaka aongoze kwa kulia. Hakufaulu kwa kuacha kuwa mashoto. Zaidi ya hayo, aliyevuka mto wenye mamba hawezi kuwa hoja ya kutojenga daraja.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito, nayo ni ya wenye vyombo. Seti ni moja, wapigaji ni watano, na ibada ya pili yaanza mara tu ya kwanza inapokwisha. Nani atakayekuwa akipanga na kupangua? Nimewahi kuketi katika kanisa moja ambapo kijana alilisogeza toazi kabla ya nyimbo kuanza, na kiongozi wa kwaya akalirudisha mbele ya waumini wote, akimwambia kwamba vyombo vya Mungu havichezewi. Kijana yule alipiga siku hiyo kama mtu anayetembea kwa viatu vya mwingine. Dawa ya mgogoro huo ni utepe wa rangi. Miguu ya kila mlingoti ikiwekewa alama kwenye zulia, nyekundu kwa mpango wa kawaida na buluu kwa wa mashoto, yeyote atakayefuata atavirudisha vyombo mahali pake kabla mhubiri hajafunua kitabu. Na ndiyo maana naipendelea njia ya mikono iliyo wazi kwa vyombo vya jumuiya. Mengi hubaki yalivyo, na machache tu ndiyo yahamayo.

Takriban mtu mmoja kati ya kumi ni mashoto. Katika darasa la wanafunzi 50, huenda watano wakawa hivyo. Mmoja wao akikaribia ngoma, akafungwa mikono na kushindwa kufuata mwendo, mwalimu atasema hana kipaji. Naye ataamini, ataziacha ngoma, na hakuna atakayejua kilichopotea. Hilo ndilo linaloniuma. Mtoto anayekatazwa waziwazi anaweza kulalamika. Anayeketishwa penye vyombo vilivyopangwa kumshinda, kisha akaambiwa kwamba ameshindwa, hujilaumu mwenyewe.

Nawasihi walimu wa muziki, viongozi wa kwaya na wakuu wa bendi wafanye jambo moja jepesi. Siku ya kwanza ya mafunzo, kabla ya kumkabidhi mtoto vijiti, wamwulize anatumia mkono gani kuandika na mguu gani kupiga mpira, kisha wampangie ngoma kwa mujibu wa jibu lake. Nao wazazi wasione haya kuuliza kwa niaba ya watoto wao, maana asiyekuwapo na lake halipo. Milingoti ile ilitengenezewa vifungo ili ilegezwe na kukazwa. Aliyeiunda alijua kwamba watakaoketi nyuma yake hawatalingana maumbile.