Mwalimu wa Jioni Awe wa Wote



Katika kurasa hizi twazungumza mara nyingi juu ya mshahara, saa za kazi na nyumba za landhi. Leo twataka kusema juu ya fedha zinazotoka katika mshahara huo kila mwezi, wala hakuna anayeziuliza habari zake. Ni fedha za tuisheni.

Upande wetu huu wa Soin, reli yateremka kutoka Londiani na Kipkelion, ikapita Fort Ternan, mpaka Koru na Muhoroni. Juu yetu ni mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, chini yetu ni miwa. Mtu wa gangi ya reli, mchumaji wa chai na mkata miwa wana shida moja jioni: mtoto amerudi na daftari, na mzazi hawezi kumsaidia. Basi anatafutwa mwalimu. Mwenye fedha humwita mpaka nyumbani. Asiye nazo hukopa, au mtoto wake hukaa hivyo hivyo.

Hatusemi kwamba tuisheni ni kitu kibaya. Mwalimu mwenye darasa la watoto wengi hawezi kukaa na kila mmoja. Mtoto aliyekwama kwenye kugawanya hesabu ataendelea kukwama mpaka mtu aketi naye amwonyeshe. Msaada wa namna hiyo ni haki. Tunachokataa ni kuununua kila mtu peke yake, gizani, kama mtu anunuaye dawa bila kujua ugonjwa.

Tazameni kwanza habari ya shule yenyewe. Katiba ya 2010 yasema elimu ya msingi ni bure na ya lazima kwa kila mtoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza tuisheni ya likizo, ikaweka faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Sheria hiyo haikuja bure. Wazazi walikuwa wamechoka kuona somo linakatwa nusu mchana, na nusu ya pili inauzwa baadaye. Mwaka 1999 mtaalamu Mark Bray aliandika kitabu cha UNESCO, akaiita biashara hii kivuli cha shule. Ameita sawasawa, maana kivuli hufuata mwili. Shule ikipinda, tuisheni nayo hupinda.

Wengine walidhani hofu itakwisha mtihani wa KCPE utakapoondoka. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Lakini mtaala mpya ulioanza 2017 umeleta kazi nyingi za nyumbani, na mzazi hutakiwa kusaidia. Mzazi aliyeachia darasa la nne atasaidia nini? Hofu imebaki, na fedha zaendelea kutoka.

Tuliona wazi mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya korona. Madarasa machache yalirudi Oktoba, mengine yakangoja mpaka Januari 2021. Mtoto mwenye simu nzuri na mwalimu wa kumjia nyumbani aliendelea kusoma. Mtoto asiye na vitu hivyo alisahau hata alichokuwa nacho. Wote walirudi shule moja, wakapewa kitabu kimoja.

Jambo la pili ni namna ya kufundisha. Tuisheni nyingi ni kurudia tu somo la darasani kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu wa kweli hupima kwanza: huyu amekwama kusoma, huyu kuzidisha, huyu Kiingereza. Kisha huwaweka pamoja wenye shida moja, bila kutazama sana umri wala darasa. Haya yalijaribiwa hapa hapa Kenya katika shule 121 za msingi za upande wa Bungoma na Butere-Mumias, kuanzia 2005. Watoto wa darasa la kwanza katika nusu ya shule hizo waligawanywa kwa kadiri ya ujuzi wao. Matokeo yalitangazwa 2011: waliokuwa nyuma walifaidika, na waliokuwa mbele pia. Hakuna aliyeibiwa.

Jambo la tatu ni sisi watu wazima. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi ya misheni tu, na wengine hata hiyo hawakuipata. Mfanyakazi akiajiriwa hupewa karatasi, na akiachishwa hupewa karatasi. Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho, kwa kuwa wachumaji waliona kazi yao inaondoka. Mashine zikizidi, karatasi za kuachishwa nazo zitazidi: hesabu ya malipo ya mwisho, akiba ya NSSF, siku za likizo ambazo hazikulipwa. Asiyejua kusoma huweka kidole gumba, akaenda zake. Chama hakiwezi kusimama nyuma ya kila mtu wakati wa kutia sahihi.

Wala mtu asiseme amezeeka. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya ada ya shule za msingi kuondolewa 2003. Mama Priscilla Sitienei wa Ndalat, mkunga wa Nandi, alikaa darasani na watoto akiwa amepita miaka 90. Jirani zetu wa Tanzania waliufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 serikali yao ikaagiza wafanyakazi wafundishwe mahali pao pa kazi.

Basi shauri letu ni hili.

1. Tufanye darasa moja la jioni kwa watoto na wazazi, siku za shule tu. Likizo ya mtoto iachwe.

2. Tumwajiri mwalimu aliyehitimu ambaye bado angoja kuajiriwa na TSC. Wako wengi vijijini mwetu. Asiwe mwalimu anayewafundisha watoto hao hao mchana.

3. Siku ya kwanza awapime wote, kisha awagawe kwa shida zao.

4. Mwalimu huyo ni mfanyakazi kama sisi. Apewe mapatano ya maandishi na alipwe kwa wakati. Itakuwa aibu watu wa chama kumpunja kibarua wao.

Msiogope hesabu. Tuseme wazazi kumi, kila mmoja alipa shilingi 200 kwa juma, apate saa moja kwa mtoto wake. Hizo ni shilingi 2,000. Wakiziweka pamoja, mwalimu yule yule, kwa malipo yale yale, afundisha saa kumi: jioni tano, saa mbili mbili. Watoto wakigawanywa makundi mawili, kila kundi lapata saa tano badala ya moja. Na mtoto wa jirani aliyefiwa na baba hahitaji kusimama dirishani.

Kuna watakaosema kazi hii ni ya serikali. Ni kweli, na hatutaacha kuidai ilete walimu wa kutosha. Lakini mtoto wa darasa la tatu mwaka huu hatakuwa darasa la tatu mwaka ujao akitungoja tumalize kudai.

Twaomba kila mwanachama aje mkutano wa tawi na mambo mawili yameandikwa: kiasi anacholipa sasa kwa tuisheni, na mtu wa nyumbani mwake anayehitaji kufundishwa, awe mtoto, mke, mume au mzee. Asiyeweza kuandika amwambie mwenzake amwandikie, na jina lake liwe la kwanza katika orodha ya darasa.