Shule zichunguze vifaa kabla ya kukumbatia Linux

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10, shule zenye tarakilishi za zamani zimejikuta katika njia panda. Mfumo uliofuata, yaani Windows 11, unadai kifaa maalumu cha usalama na kichakataji cha miaka ya karibuni. Kwa hivyo mashine ambazo bado zina nguvu za kufundishia zimetiwa katika orodha ya mikweche.

Wapo wanaoshauri shule zigeukie Linux, mfumo huria usiolipiwa leseni. Binafsi naliunga mkono wazo hilo kwa dhati. Hata hivyo, ushauri huo aghalabu hutolewa nusu. Watu husifu programu na kusahau vifaa, ilhali vifaa ndivyo vinavyoamua kama programu hiyo itafaulu au itaaibika.

Katika taaluma yangu ya isimu, twafahamu kwamba watu wawili wasio na lugha moja huhitaji mkalimani. Ndivyo ilivyo katika tarakilishi. Kadi ya mtandao usiotumia waya, kadi ya picha na printa zina lugha zake. Mfumo huzungumza nazo kupitia programu ndogo iitwayo kiendeshi, ambayo ndiyo mkalimani wao. Kampuni inayochapisha sarufi ya kifaa chake humwezesha mtaalamu yeyote kuandika kiendeshi. Ile inayoificha huwalazimisha wanaojitolea kubahatisha, mithili ya mtafiti anayejaribu kuandika sarufi ya lugha asiyokuwa na msemaji wake wa kumwuliza.

Jambo hili si geni. Harakati zenyewe za programu huria zilichochewa na printa. Richard Stallman husimulia kwamba alipokuwa katika maabara ya chuo cha MIT, Marekani, walipewa printa ya Xerox ambayo karatasi zake zilikwama mara kwa mara. Alitaka kuirekebisha programu yake, akanyimwa msimbo. Mwaka wa 1983 alitangaza mradi wa GNU. Naye Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipoitangaza kazi yake mwaka wa 1991, alitahadharisha kwamba pengine haitawahi kukubali diski za aina nyingine ila ile aliyokuwa nayo yeye. Leo Linux huendesha mashine za kila namna, lakini kanuni ni ile ile: kisichokuwa na mkalimani hakizungumzi.

Nimeshuhudia madhara ya kupuuza kanuni hiyo. Shule moja iliweka Linux katika mashine ilizopewa na wafadhili bila kuzijaribu kwanza. Kadi za mtandao hazikutambuliwa, na printa haikutoa hata ukurasa mmoja. Muhula haujaisha, walimu walikwisha kukata kauli kwamba Linux ni mbovu, wakarejea nakala za wizi za mfumo wa awali. Mfumo ulihukumiwa kwa kosa la kadi. Kibaya zaidi, wanafunzi walifunzwa kwamba kuiba programu ni jambo la kawaida.

Je, mwalimu afanye nini? Kwanza, asilipe kabla ya kujaribu. Linux huweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwa kijiti cha kumbukumbu bila kugusa diski ya mashine. Nusu saa yatosha kukagua mtandao, sauti, kamera, projekta na kama kipakatalishi huamka kikishalazwa. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mnunuzi aondoke.

Pili, achague vifaa vyenye sifa inayojulikana. Kadi za picha za Intel na AMD zina viendeshi huria vilivyomo ndani ya Linux yenyewe. Nvidia ililaumiwa hadharani na Torvalds mwaka wa 2012, na ni mwaka wa 2022 tu ilipoanza kufungua sehemu ya viendeshi vyake. Dell ilianza kuuza tarakilishi zenye Ubuntu mwaka wa 2007, nayo Lenovo ikatoa ThinkPad zenye Fedora mwaka wa 2020. Vipakatalishi vya kiofisi vya kampuni hizo, hata vya mitumba, mara nyingi huwa na usumbufu mdogo.

Tatu, asidanganyike kwamba Linux hufufua kila mfu. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32. Mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 itafanya kazi za darasani ikipewa toleo jepesi.

Yamkini mtu atauliza: shule maskini inayopokea msaada itachagua vipi? Jibu langu ni kwamba hata mpokeaji ana ulimi. Mfadhili anaweza kuombwa ataje aina ya kadi kabla ya kusafirisha mzigo. Aidha, kadi ndogo ya mtandao ya kuchomekwa, iliyochaguliwa vyema, yaweza kuiokoa mashine nzima.

Kwa mwalimu wa Kiswahili, suala hili lina uzito zaidi. Mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za kiofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Mlango huo ungali wazi kwa wanafunzi wetu, lakini hawataufikia iwapo mashine zao zinakataa mfumo huria.

Natoa wito kwa wakuu wa shule na halmashauri za usimamizi: katika kila zabuni ya tarakilishi, ongezeni sentensi moja tu, kwamba kila kifaa kitajaribiwa kwa Linux mbele ya mnunuzi kabla ya malipo. Sentensi hiyo haigharimu hata senti. Wauzaji wakiizoea, wao wenyewe wataanza kuuliza kadi zao zinazungumza lugha gani.