Kanuni ya Hund Si ya Mtihani Tu

Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha tano wanakariri kanuni ya Hund, wanaijibu kwenye mtihani, halafu wanaiacha palepale. Ukiuliza inasaidia nini, unaambiwa, "Huwa inatoka." Wanachuo wenzangu wa ualimu, muda si mrefu tutakuwa mbele ya ubao tukiulizwa swali hilohilo. Mimi nasema jibu hilo tusilirithi, kwa sababu jibu la kweli wengi wetu tunatembea nalo mfukoni.

Chukua simu yenye kioo cha OLED. Nyuma ya kioo hicho hakuna taa. Kila nukta inawaka yenyewe, maana ndani yake kuna tabaka jembamba sana la molekuli za kaboni zinazotoa mwanga umeme ukipita. Ching Tang na Steven VanSlyke wa kampuni ya Kodak, Marekani, walionyesha mwaka 1987 kuwa inawezekana kwa chini ya volti 10.

Tatizo likawa spini. Umeme unapoichangamsha molekuli, mara moja kati ya nne inaingia katika hali ya singleti, ambayo inatoa mwanga haraka. Mara tatu zilizobaki inaangukia tripleti, na kwa molekuli za kawaida nishati ya huko inaishia kuwa joto. Robo tatu inapotea hivihivi! Na hapa ndipo Hund anapoingia: elektroni zenye spini zinazoelekea upande mmoja hukaa kwenye nishati ya chini zaidi, kwa hiyo tripleti iko chini ya singleti. Ukishatumbukia, kupanda ni shida.

Wanakemia hawakukaa kulalamika. Mwaka 1998 na 1999, makundi ya Stephen Forrest na Mark Thompson kule Marekani yalitumia molekuli zenye atomu nzito, kwanza platinamu, kisha iridiamu. Atomu nzito inaifanya tripleti nayo itoe mwanga. Ilifanya kazi, ila iridiamu ni adimu na ni ghali.

Mwaka 2012, Chihaya Adachi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walipita njia nyingine. Walisanifu molekuli yenye sehemu inayotoa elektroni na sehemu inayozivuta, wakazipindisha zisilaliane. Pengo kati ya tripleti na singleti likawa dogo kiasi kwamba joto la kawaida la chumbani linatosha kuipandisha tripleti. Ndani ya molekuli hiyo kuna kaboni, hidrojeni na naitrojeni tu, lakini zaidi ya asilimia 90 ya nafasi za kutoa mwanga zilitumika. Kisha mwaka 2022, watafiti wa Japani wakatangaza molekuli ambayo singleti yake iko chini ya tripleti, kinyume kabisa na tulichokariri.

Najua mtasema shule nyingi maabara ni jina tu. Kweli kabisa, na sisemi tuache kuzidai. Lakini somo hili halihitaji iridiamu. Chukua vifuniko vinne vya soda, kimoja chekundu, viweke kwenye mfuko, mwanafunzi achomoe bila kuangalia. Kila akichomoa kisicho chekundu, mwanga umepotea. Halafu chora ngazi mbili ubaoni, uwaulize: utaipandishaje tripleti? Watabishana, na huo ubishi ndio kemia yenyewe. Madesa hayawezi kukupa huo.

Tena wajue kazi haijaisha. Mwanga wa bluu una nishati kubwa kuliko mwekundu na kijani, na nishati hiyo inaweza kuvunja vifungo vya molekuli inayoutoa. Kupata bluu isiyopoteza umeme na inayodumu bado kunawaumiza vichwa watafiti duniani.

Kijana aliyeambiwa kwamba kanuni ni ya mtihani ataona kila kitu kimeshagunduliwa, yeye kabaki kukariri. Aliyeonyeshwa namna watu walivyoizunguka kanuni hiyo ataanza kuuliza na yeye aizungukeje. Tukienda field, tuwape hiyo nafasi.