ANAYEGEUZA NJIA ANGANI AJULIKANE

Mkulima wa pamba wa Nyalikungu, wilayani Maswa, atokapo nje jioni wakati wa kiangazi huona nyota itembeayo. Wazee wameizoea, na watoto hawaishangai tena. Ni setilaiti, nayo hukata kilomita 7 na nusu hivi kwa kila sekunde. Tunauliza: mwenyewe akiiwasha injini na kuigeuza njia bila kutangaza, nani atakayejua?

Jambo hilo hujulikana kwa kupima. Rada na darubini huandika mahali ilipoonekana na saa yake. Wanahisabati hutabiri itakapokuwa kesho. Isipoonekana hapo, hesabu huanza upya. Njia ya zamani hupelekwa mbele, njia mpya hurudishwa nyuma, na pale zinapokutana ndipo injini ilipowashwa; tofauti ya mwendo mahali hapo ndiyo kipimo cha msukumo. Badiliko la sentimita 1 tu kwa sekunde, likielekea mbele, huitenga setilaiti ya chini na mahali ilipotabiriwa kwa zaidi ya kilomita 2 na nusu kwa siku. Na ajabu ni kwamba iliyoongezwa mwendo ndiyo ibakiayo nyuma, kwa kuwa hupanda juu na safari yake huwa ndefu zaidi.

Hesabu hiyo ina mtego. Jua likichafuka, hewa ya juu hutanuka na kuzizuia setilaiti. Kati ya setilaiti 49 za Starlink zilizorushwa tarehe 3 Februari 2022, karibu 40 zilipotea kwa sababu hiyo. Mpimaji mwenye haraka aweza kudai kwamba injini imewashwa, kumbe ni hewa. Hapana budi vipimo viwe vingi, na vitoke pande nyingi za dunia.

Hatari yenyewe si ya kufikirika. Tarehe 10 Februari 2009 Iridium 33 ya Marekani iligongana na Kosmos 2251 ya Urusi, iliyokwisha kufa, vikatawanyika vipande maelfu. Mwaka 2015 Luch ya Urusi ilisogea ikakaa baina ya setilaiti mbili za Intelsat, na wenyewe wakalalamika. Marekani nayo tangu 2014 imekuwa na setilaiti za kijeshi zinazosogelea za wengine. Sisi tusiofungamana na upande wowote hatumsafishi mmoja ili tumlaumu mwenzake.

Orodha ya njia hizo inayotumiwa zaidi duniani hutungwa na jeshi la Marekani. Hatusemi ni ya uongo. Twasema hatuna cha kuipimia. Tunguu, Unguja, palikuwa na kituo cha Wamarekani kilichozungumza na John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962. Kikafungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Kilikuwa cha wageni, kwa kazi ya wageni.

Cha kwetu chaweza kuwa kidogo. Nyalikungu ipo digrii 3 hivi kusini mwa Ikweta, na setilaiti zinazoonekana kusimama, umbali wa kilomita 35,786, nyingine ziko karibu utosini pake. Darubini ya wastani, kamera na saa sahihi hutosha kuigundua inayoanza kuhama. Vyuo vikuu vyetu vina wanahisabati. Twaishauri Serikali iwape vijana hao vyombo, na matokeo yao yachapishwe hadharani, kwa Kiswahili.