Mjomba, Wacha Hizo Risasi za Kujipikia

Leo sicheki. Najua nitakosana na watu wa nyumbani, lakini afadhali tukosane mjomba akiwa mzima kuliko tupatane kwa matanga yake.

Mjomba wangu ni mnunuzi wa ng'ombe. Siku ya soko hapa Mulot anatembea na pesa taslimu, na jioni lazima apite barabara yenye giza. Kuna wakati walimvamia wakamwacha kwa mtaro. Baadaye akaomba leseni, akahojiwa, akapewa, akanunua bastola fupi, ile ya silinda. Mpaka hapo sina neno.

Shida ilianza alipoenda kulenga shabaha akakosa, akakosa tena. Akaangalia video za Wamarekani, kisha akaniita: "Kijana, hizi risasi za dukani ndizo mbaya. Wenzetu hujijazia wenyewe, na zinapiga pale pale. Wewe unajua mtandao, nitafutie vifaa."

Nilikataa. Sasa mabinamu wanasema nina kiherehere. Haya, sikizeni.

Kwanza, risasi haina kosa. Bastola fupi ilitengenezwa ifichike, na itumike mtu akiwa karibu. Alama za kulengea ziko karibu karibu, kwa hivyo ukikosea kidogo hapa, kule mbele umekosa sana. Kuivuta ni kuzito, na ukivuta mkono unacheza. Mjomba anaweza kupima baruti hadi punje ya mwisho, na bado mkono wake utakula hiyo faida yote. Ni kama dereva anayegonga miti kila wiki halafu analaumu petroli.

Pili, hao Wamarekani. Kwao ni jambo halali na watu wamelizoea miaka mingi. Wana mizani ya kazi hiyo na vitabu vya vipimo vilivyojaribiwa, na vitabu hivyo hivyo vimejaa maonyo. Ukizidisha baruti, silinda inaweza kupasukia mkononi. Ukipunguza mno, risasi inaweza kukwama kwa mtutu, na inayofuata inaikuta hapo. Sisi tutapimia wapi? Kwa mizani ya majani chai, ambayo tunagombana nayo kila asubuhi?

Tatu, sheria. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikupi bunduki tu ukafanye unavyotaka. Leseni inataja silaha yako na idadi ya risasi unazoruhusiwa. Kutengeneza risasi ni kazi ya mwenye kibali. Serikali yenyewe ina kiwanda chake Eldoret. Mzee anataka kufungua kingine nyuma ya zizi.

Lakini hii ndiyo inaniuma zaidi. Tazama kitako cha ganda la risasi. Kina alama ya kiwanda, na mara nyingi mwaka. Hiyo ni kama nambari ya gari. Mwaka 2008, watafiti wa Small Arms Survey wa Geneva walitoa ripoti kuhusu Turkana Kaskazini. Walisoma alama hizo, wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji ilitoka kwa polisi wa Kenya. Bila alama, tungeendelea kusema zote zimetoka nje ya mpaka. Sasa ganda likijazwa mara ya pili, alama inadanganya. Inasema kiwanda, kumbe ni mjomba. Siku mtu akiuawa, nani atafuata njia hiyo?

Na usiniambie ni mjomba peke yake. Hapa jambo likifanywa boma moja, mwezi ujao liko ng'ambo ya Amala. Mnakumbuka 2018, baada ya watu kuondolewa Mau, vile mishale ilivyopeleka vijana hospitali huko Narok Kusini. Mishale, wasee. Fikiria vijana hao hao kila mmoja akijua kujipikia risasi.

Najua jibu lenu: "Polisi wako mbali, mwizi yuko karibu." Ni kweli. Serikali ilichoma bunduki haramu pale Ngong mwaka 2016 na tena 2021, zaidi ya 5,000 kila mara, na bado mjomba alilala kwa mtaro. Hasira yake ninaielewa. Lakini risasi iliyopimwa nyumbani haitamleta polisi karibu. Kitakachomsaidia ni kuacha kubeba pesa taslimu, kwa sababu ng'ombe analipiwa kwa simu au benki. Wanunuzi watoke sokoni pamoja, wasitoke mmoja mmoja. Na kama lazima abebe hiyo bastola, atafute mwalimu anayejulikana, alenge na risasi halali mpaka mkono utulie. Hiyo pesa ya vifaa inatosha kuanza mazoezi.

Jina la Mulot tayari limechafuliwa nchi nzima na matapeli wa laini za simu. Ukitaja kwenu, mtu anashika mfuko. Tusiongeze lingine.

Mjomba, najua utasomewa hii. Sijakudharau. Mkono huo wa kulia ndio ulihesabu karo yangu noti kwa noti, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Niite mwoga, niite mtoto wa mtandao. Vifaa sitafuti.